Kitambaa kiligeuka bluu

Siku ya kwanza napiga waksi gari langu nilifurahi sana kuona kitambaa kinageuka bluu. Gari lenyewe ni bluu ya giza, mimi nimeshika kipande cheupe cha fulana yangu ya zamani, nasugua kona ya boneti kwa nguvu zote, na kila nikigeuza kitambaa naona bluu inazidi kukolea, nikajisemea aisee kumbe hili gari lilikuwa chafu kiasi hiki. Nikaongeza dawa. Nikasugua zaidi. Nikamuita na mdogo wangu aje aone uchafu unavyotoka, naye akatikisa kichwa akasema kaka, kumbe siku zote unaendesha tope. Hakuna kati yetu aliyejiuliza ni uchafu gani huo wenye rangi ileile ya gari.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Gari nililinunua likiwa limeshapita mikononi mwa watu, rangi yake si mbaya si nzuri, ila kwangu lilikuwa jipya. Kilichonipeleka kwenye mambo ya waksi ni ndege. Nilikuwa napaki chini ya mti, kivuli kizuri, najisifu kabisa kwamba gari langu haliungui jua kama ya wenzangu, kumbe huko juu ndege wana kikao chao kila jioni. Kinyesi kikidondoka naacha tu, nasema nitaosha mwisho wa wiki, na mwisho wa wiki ukifika nakisugua kikiwa kikavu kwa kitambaa kikavu. Siku moja nimeosha vizuri nakuta kuna alama haitoki, doa la mviringo kwenye boneti, ukilitazama kwa juu hulioni lakini ukiinama ukaangalia kwa ubavu liko wazi, rangi imefubaa pale na ukingo wake umejikunja kama utando wa maziwa.

Nikauliza watu, kila mtu akanijibu piga waksi. Sawa. Nikaenda dukani nikakuta makopo mengi yanafanana, moja limeandikwa waksi tu, lingine limeandikwa linang'arisha na kuondoa mikwaruzo, nikaona hili la pili ndo lenye akili maana linafanya kazi mbili kwa bei ya moja. Maandishi madogo ya nyuma sikuyasoma. Nani anasoma nyuma ya kopo?

Basi nikasugua, kitambaa kikawa bluu, nikafurahi, jioni nikaosha mikono nikalala. Asubuhi naangalia boneti naona ile kona imekuwa kama chaki, haing'ai kabisa, nikasema labda ni umande. Mchana bado iko vilevile. Nikaimwagia maji ikapendeza, maji yakakauka ikarudi kuwa chaki. Hapo ndo tumbo likaanza kunicheza.

Nikaenda kwa fundi rangi mmoja mtu mzima ambaye watu humsifia. Nikamuamkia, akaitikia huku macho yake yapo kwenye boneti tayari. Hakuniuliza nina shida gani. Akapitisha dole gumba pale kwenye chaki, akalinusa, akaniuliza, "Kijana, huku chini ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamwambia mzee nilikuwa napiga waksi tu. Akaomba nimuoneshe hilo kopo, bahati nilikuwa nalo kwenye buti, akalifungua akachukua kidogo kati ya vidole viwili akavisuguanisha karibu na sikio langu. Sikiliza, akasema. Nikasikia, kwa mbali sana, kama mchanga mwembamba. "Hii kampaundi hii, dawa ya kukwangua. Waksi hailii hivi."

Kisha akanipa somo ambalo ningelipata mapema nisingetoa hela yangu. Gari ukilichana ubavuni chini kabisa kuna bati, juu ya bati kuna praima, ile rangi ya msingi, juu ya praima ndo rangi yenyewe, ile bluu, na rangi yenyewe hiyo haing'ai, imefifia kama nguo. Kinachong'aa ni klia, tabaka la mwisho la juu lisilo na rangi, na ndo hilo linalokaa mbele ya jua, mvua, ndege na kila kitu. Sasa klia ya gari la kawaida ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, wakati unywele wa mtu una kama 70. Yaani ulinzi wote wa rangi ya gari lako ni mwembamba kuliko unywele, na mimi nimeukalia nusu saa nzima kwa kampaundi na mkono wa hasira. Tena kwenye kona, ambako akasema ndo kwembamba kuliko kote, maana kwenye kingo rangi haikai nene na kila aliyewahi kupolishi gari anapakuna zaidi. Kwa hiyo ile bluu niliyoifurahia ilikuwa boneti langu. Nililifuta nikalihamishia kwenye fulana.

Gari lenye klia likipigwa waksi kitambaa hakitakiwi kutoka na rangi, kikitoka simama hapohapo. Magari ya zamani, yale ya kabla klia haijaenea miaka ya 1980, yenyewe yanatoa rangi kwenye kitambaa na ni kawaida yake, ndo maana wazee wengine wanakwambia usiogope. Ila gari langu si la zamani kiasi hicho.

Hapa ndo nikaelewa kitu ambacho lugha yenyewe inatuchanganya, maana sisi tunaita vyote polishi. Kampaundi na polishi zote zina chenga za kukata, kampaundi zake kubwa, polishi zake ndogo, na zote zinapunguza klia ili mikwaruzo ya juu iishe au isionekane. Waksi haikati kitu. Yenyewe inakaa juu ya klia kama mafuta unayojipaka usoni, jua na mvua na uchafu vinaanza na yenyewe, inaliwa, unapaka tena. Mkwaruzo waksi haiuondoi, inaufichaficha kidogo tu ikishaujaza. Na klia ikishaisha hakuna waksi ya kuirudisha, akaniambia hapa ni kupuliza upya boneti zima, kwa sababu ukipaacha jua litaila hiyo rangi iliyo uchi na klia ya pembeni itaanza kubanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Nikalipa. Boneti likapulizwa. Wakati ananikabidhi akanionya, boneti hili usiliguse na waksi kwa sasa, rangi mpya bado inatoa hewa yake ndani, ukiifunika mapema unaifungia, lipe miezi miwili hivi ndo ulirudie. Osha kwa maji na sabuni laini tu. Gari lililobaki, akasema, fanya utakavyo, halafu akacheka peke yake.

Kwa hiyo nikawa na gari la kujifunzia na boneti la kusubiri.

Mara ya pili nilinunua waksi yenyewe, ya kopo, ya kanauba. Safari hii nilisoma nyuma ya kopo, na nikasoma na kwingine mpaka nikajua hata inatoka wapi. Kanauba ni nta ya majani ya mti mmoja wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili, kule kukavu, mti unajipaka nta kwenye majani ili jua lisiunyang'anye maji. Watu wanakata majani wanayaanika, wanayapigapiga nta inadondoka kama unga. Ndo hiyohiyo inayong'arisha pipi na vidonge vya dawa, kwa hiyo wengi wetu tumeshaila sana. Ni ngumu balaa, haiyeyuki mpaka ifike nyuzi 80 na kitu, na ikiwa peke yake huwezi hata kuipaka, lazima wachanganye na mafuta na vimiminika vya kuilainisha. Kwa hiyo ukiona kopo limeandikwa kanauba asilimia mia wanamaanisha hiyo nta yenyewe haijachanganywa na nta nyingine, si kwamba kopo zima ni nta, lingekuwa zima nta ungehitaji patasi.

Nilijua hayo yote na bado nikaharibu. Nilianza saa sita mchana, jua la utosi, kwa sababu nilidhani joto linasaidia waksi kuingia. Gari lilikuwa la moto hata kiganja huwezi kukiweka. Nikapaka waksi nene kwenye paa, milango, buti, gari zima kwa mpigo mmoja, nene kama siagi kwenye mkate, nikasema ulinzi ukiwa mnene ndo vizuri. Nilipomaliza kuzunguka nikarudi nianze kufuta, haifutiki. Imekauka imeganda mabaka mabaka. Nafuta inaacha michirizi, nafuta michirizi inahama inaenda pengine. Nilifuta mpaka jua likazama, mabega yanawaka, na bado kesho yake nikakuta mabaka mengine chini ya vitasa.

Na hiyo ilikuwa sehemu nzuri. Zile plastiki nyeusi za kwenye bampa na pembeni mwa milango nilizipaka na zenyewe, kwanini zikose, zikageuka kijivu zenye madoa meupe kama mtu aliyetoka kupiga chokaa, maana zile plastiki zina vinyweleo na waksi inaingia inakaukia humo humo. Niliziokoa kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu ya sabuni, kisha spiriti kidogo kwenye kitambaa, kazi ya jioni mbili. Siku hizi kabla sijaanza nabandika ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi kwenye kila plastiki nyeusi, dakika kumi tu.

Kioo cha mbele nacho nilikipaka. Kwenye jua kilipendeza. Siku ya kwanza mvua imeninyeshea usiku waipa ikaanza kuruka ruka kama chura, trrr trrr, kila ikipita inaacha utando, na taa za magari ya mbele zinasambaa kwenye kioo sioni barabara iko wapi. Nikasimama pembeni nikasubiri mvua ipungue. Kwa hiyo kioo cha mbele usikiguse na waksi ya bodi, kabisa. Na kama gari lako lina ile rangi ya kufifia kwa makusudi, isiyo na mng'ao, hiyo nayo usiipake maana itapata madoa yanayong'aa na hutajua la kufanya.

Lakini mvua hiyohiyo ilinifundisha kitu asubuhi yake. Nilikuwa nimesimama ghorofani kwenye ngazi, naangalia gari kwa juu, paa lote lina matone, yamekaa kama shanga, duara, yamesimama, ukitazama unatamani kuyahesabu. Isipokuwa katikati. Katikati ya paa kulikuwa na kama kisiwa, maji yametandaa tu yamelala bapa, na nikakumbuka mimi ni mfupi, siku ile mkono haukufika pale. Yaani mvua ilinichorea ramani ya sehemu nilizoruka! Tangu siku hiyo ndo kipimo changu, sina haja ya kuhesabu wiki. Maji yakisimama shanga na kuteleza haraka waksi ipo, yakianza kulegea na kutandaa imeisha au imefunikwa na uchafu, osha kwanza uone, ukishaosha bado yanatandaa basi ni muda wa kupaka tena. Kwangu mimi ninayepaki nje kanauba inanipeleka miezi miwili, ikijitahidi sana mitatu. Ila usiyaache hayo matone yakaukie juani ukiyasifia, yanaacha chumvi zake kwenye klia, alama ndogo nyeupe za mviringo ambazo ni kesi nyingine.

Sasa nije kwenye uoshaji, maana nikikwambia kazi kubwa ya kupiga waksi inaishia kabla hujafungua kopo utadhani natania. Nilirudi kwa yule fundi kumuonesha gari, najidai. Ilikuwa jioni giza limeshaingia, akawasha taa ya simu akaielekezea mlango. Nikaona duara. Vimikwaruzo vyembamba vingi vimezunguka mwanga kama utando wa buibui, akasogeza taa na utando ukasogea nao, akaipeleka kwenye buti ukahamia kwenye buti. Gari zima. Akaniambia mikwaruzo yenyewe haijazunguka, imeenda kila upande, ila ile iliyokaa vizuri na mwanga ndo inayoonekana hivyo. "Hii hakufanya jua wala ndege, hii umefanya wewe na ndoo yako."

Na kweli. Nilikuwa naosha na ndoo moja, sponji moja, naanza popote, natoka kwenye rimu naenda kwenye mlango, sponji ikianguka chini naipukuta naendelea, na sabuni niliyotumia ni ya kuoshea vyombo kwa sababu ina povu. Ndoo ikishakuwa ya rangi ya chai bado nachovya. Sasa hiyo si kuosha, ni kupiga msasa na maji ya mchanga. Na sabuni ya vyombo kazi yake ni kukata mafuta, waksi nayo ni jamii ya mafuta, kwa hiyo hata ningepaka waksi ya kifalme ningekuwa naiosha kila Jumamosi.

Nikabadilisha. Ndoo mbili, moja ya sabuni ya magari na nyingine ya maji matupu ya kusuuzia. Nachovya kwenye sabuni, naosha kipande kidogo, nasuuza kwenye ile ya pili, narudi kwenye sabuni. Utaona mchanga umekaa chini ya ndoo ya kusuuzia mwishoni na hapo ndo utashtuka, maana huo wote ulikuwa unarudi kwenye rangi. Kabla ya kugusa na chochote namwagia maji mengi kwanza vumbi liondoke lenyewe, nashuka kutoka paa kwenda chini kwa sababu chini ndo kuchafu zaidi, na rimu zina kitambaa chao ambacho hakijawahi kugusa mlango na hakitagusa. Fulana za zamani nilizistaafisha, zina mishono na nyuzi ngumu, nikaingia kwenye vitambaa vya maikrofaiba, vile laini vya nyuzi nyembamba sana. Nazo zina adabu zake, usizifue na ile dawa ya kulainisha nguo maana inaziba nyuzi zisinyonye, na ikidondoka chini ndo imemaliza kazi siku hiyo. Kuipukuta hakutoshi. Mdogo wangu ananiona nimerogwa kwa hili.

Halafu kuna kitu ambacho maji na sabuni havitoi. Fundi aliniambia ukishaosha na kukausha, vaa mkononi mfuko mwembamba wa nailoni, pitisha vidole polepole kwenye rangi. Nikafanya kwenye buti. Kwa mkono mtupu lilikuwa laini, kwa mfuko likawa kama karatasi ya msasa, chenga chenga tupu, vidole vinarukaruka. Sikuamini nikafanya tena kwingine, hivyohivyo. Hizo ni chembe za chuma zinazoruka za moto kutoka kwenye breki zinajibandika kwenye klia, utomvu wa ule mti wangu wa kivuli, vidoa vya lami chini ya milango, hata rangi ya mtu aliyekuwa anapuliza geti lake na upepo. Ukipaka waksi juu ya hayo unayafungia ndani yakae vizuri.

Dawa yake ni klei, ule udongo laini kama wa watoto wa kuchezea. Unaubonyeza uwe kama chapati ndogo, unamwagia sehemu maji yenye sabuni ya gari yawe yanateleza kabisa, unaupitisha kwa mistari iliyonyooka bila kugandamiza. Mwanzo unasikia unakwaruza kwa sauti, unakuwa na ukaidi fulani mkononi, baada ya kupita mara nne tano sauti inapotea na klei inateleza kama kwenye barafu. Ugeuze uangalie chini yake. Wangu ulikuwa na vitone vya hudhurungi na nywele mbili tatu sijui za nani. Unaukunja upande mchafu uingie ndani, unaendelea. Ukianguka chini tupa, hata kama ni mpya, mimi wa kwanza ulianguka nikiwa kwenye mlango wa pili na nikajiona mjanja nikaupangusa, na ule mstari upo mpaka leo chini ya kitasa cha kushoto. Si kazi ya kila mwezi, mara moja mbili kwa mwaka inatosha, na ukishapitisha klei ujue umeondoa na waksi ya zamani kwa hiyo hakuna kulala, unapaka siku hiyohiyo.

Kupaka kwenyewe sasa hakuna maajabu. Asubuhi au jioni, kivulini, bati limepoa. Kisponji kidogo nakigusisha kwenye kopo, nasema kugusisha sio kuchota, napaka kipande kwa kipande, nyembamba mpaka unajiuliza kama kuna kitu. Mara ya kwanza nilimaliza karibu nusu ya kopo kwa siku moja, lile lililobaki nimelitumia zaidi ya mwaka! Ukipaka nyembamba inakauka inakuwa kama pumzi kwenye kioo, unapitisha kidole, njia ya kidole ikibaki safi inang'aa unafuta, ikivutika kama mafuta unasubiri kidogo. Inafutika kwa mkono mmoja, huku unaongea na simu. Ile ziada niliyokuwa napaka haikuwa inalinda kitu, inayobaki ni ile tu iliyoshika kwenye klia, nyingine yote nilikuwa nainunua ili nije kuitoa jasho. Saa kadhaa baadaye unaweza kurudia mkono wa pili, si kwa ajili ya unene, ni kwa ajili ya visiwa kama kile cha paani kwangu. Na nilinunua kigoda.

Nimeshajaribu pia zile waksi za sintetiki za maji, zinakaa muda mrefu kuliko kanauba, miezi minne mpaka sita, na kwa mtu mvivu nadhani ndo zenyewe. Wanaosema kanauba inang'aa kwa joto fulani la peke yake mimi jicho langu halijafika huko. Ile seramiki, dawa inayopakwa juu ya klia ikagandia hapo na kukaa miaka, sijaweka, najua inadumu kweli, ila maandalizi yake ni hayohayo tena makali zaidi, na ukikosea umekosea kwa miaka. Na kuosha bado utaosha.

Ndege bado wapo. Mti niliuhama mara moja tu nikarudi, kivuli ni kivuli. Nilichoacha ni kungoja mwisho wa wiki. Kinyesi kina tindikali yake na jua likikipika juu ya klia ndo doa linachimba, kwa hiyo nikikiona nalowesha kitambaa nakitandika juu yake nakiacha dakika chache kilainike, kisha nakiinua, sisugui, maana ndani mna mbegu na mchanga. Kwenye paa lenye waksi kinateleza kinaondoka chote. Waksi hainipi ruhusa ya kukiacha wiki, inanipa muda wa kurudi kazini tu.

Miezi miwili ya boneti ilipoisha niliongeza na wiki moja ya woga. Jumapili asubuhi nikaosha, nikakausha, nikavaa mfuko wa nailoni nikapitisha, laini. Nikabandika tepu. Nilikuwa nimeacha maikrofaiba moja nyeupe kwa makusudi, sijawahi kuitumia, nyingine zangu zote ni za kijivu. Nikapaka ile kona kwanza. Nikasubiri ikauke, nikapitisha kidole, nikaanza kufuta taratibu, na kila baada ya mizunguko miwili nasimama nageuza kitambaa naangalia. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, ananitazama muda wote hajasema neno, mwisho akauliza, "Kaka, mbona leo tope halitoki?"